Kwa nini lazima mmoja afe? Wanawake wapendanao kwenye skrini, kutoka Kirando hadi Nairobi

Nianze na kibanda umiza. Kama umekulia Kirando, au popote kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, huhitaji maelezo: kuta za mabati, mabenchi, jenereta inayonguruma nje, televisheni moja juu ya meza, na ubao wa chaki mlangoni wenye majina ya sinema za leo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nilikuwa sekondari, shule ya bweni. Likizo nikirudi nyumbani, najibanza humo na kaka zangu.

Sinema nyingi zilikuwa "zimetafsiriwa", maana yake kuna mtu ameweka sauti yake juu ya sauti za waigizaji na anakusimulia kinachoendelea kwa Kiswahili. Hiyo ni kazi ambayo watu kama Lufufu waliigeuza kuwa sanaa kamili. Ila siku moja ilikuja sinema ya kizungu ambayo haikutafsiriwa, basi mwenye kibanda akapunguza sauti, akasimama pembeni na kusimulia mwenyewe. Wanawake wawili wakakumbatiana muda mrefu, wakilia. Akasema, "Huyu ni dada yake, walipotezana utotoni." Sisi wote tukaelewa, tukawaonea huruma. Dakika chache baadaye wale "dada" wakabusiana mdomoni. Kibanda kizima kikalipuka kwa vicheko na miluzi, mwenye kibanda akakimbilia rimoti, akapeleka mbele. Mwishoni mmoja wao akafa. Msimuliaji wetu akahitimisha, "Mnaona sasa? Ndo mwisho wake."

Ningeisahau sinema ile, lakini mwaka uleule kule shuleni (sitaitaja) wasichana wawili wa bweni letu walirudishwa nyumbani kwa uvumi kwamba "wanapendana". Hakuna aliyeona kitu, ni maneno tu. Mmoja wao tuliendelea kuwasiliana. Miaka mingi baadaye, nikiwa nafanya shahada ya uzamili na nimemwambia nasoma mambo ya filamu na vyombo vya habari, akaniuliza swali moja: "Hivi we mtaalamu, kuna sinema yoyote ambayo hawa watu hawafi?"

Makala hii ni jibu langu kwake. Limekuwa refu kidogo, kwa sababu swali lake ni zito kuliko linavyoonekana.

Hatua ya kwanza: kufutwa

Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, George Gerbner na Larry Gross, walichapisha utafiti kuhusu televisheni ambao mpaka leo wanafunzi wa mawasiliano tunausoma. Hoja yao, kwa lugha nyepesi, ni hii: katika ulimwengu wa hadithi za televisheni, kuonyeshwa ni kuhesabiwa kwamba upo. Kundi ambalo halionyeshwi kabisa linafutwa kiishara. Haliuawi wala halifungwi, ila jamii inazoea kuishi kana kwamba halipo. Miaka 2 baadaye mwanasosholojia Gaye Tuchman akaitumia hoja hiyo kueleza jinsi wanawake kwa jumla wanavyofutwa, kudharauliwa au kufanywa wa kijuujuu kwenye vyombo vya habari.

Sasa mrudie yule mwenye kibanda wetu. Picha haikubadilika hata kidogo. Alichobadilisha ni jina tu: "mpenzi" akawa "dada". Na Kiswahili kinarahisisha sana kazi hiyo. Fikiria sentensi "anampenda". Nani anampenda nani? Mwanamume kwa mwanamke? Mwanamke kwa mwanamke? Lugha yetu haisemi, kwa sababu "yeye" wetu ni mmoja kwa wote. Mtafsiri akitaka kuficha, lugha inampa pa kujificha. Akitaka kusema ukweli, inambidi aongeze maneno, na kila neno analoongeza ni uamuzi wake.

Usidhani mchezo huu ni wa vibanda vya Kirando tu. Hollywood iliucheza kwa mamilioni ya dola. Mwaka 1934 mwandishi Lillian Hellman alitoa tamthilia iitwayo *The Children's Hour*. Walimu wawili wa kike wanaendesha shule ya wasichana, mwanafunzi mmoja anaeneza uvumi kwamba walimu hao ni wapenzi, na uvumi unaibomoa shule na maisha yao. Tamthilia ilivuma. Tatizo ni kwamba mwaka huohuo studio za Hollywood zilianza kubanwa kikamilifu na Kanuni za Hays, mwongozo wa maadili ulioandikwa mwaka 1930 ambao, pamoja na mengine mengi, ulikataza mapenzi ya jinsia moja kuonyeshwa hata kwa kudokeza.

Mwongozaji William Wyler alifanyaje? Mwaka 1936 aliitoa hadithi ileile kwa jina jingine, *These Three*, na uvumi akaubadilisha: sasa mwalimu mmoja anasingiziwa kutembea na mchumba wa mwenzake, mwanamume. Hadithi ilibaki, shule ilibaki, machozi yalibaki. Penzi la mwanamke kwa mwanamke likaondoka. "Ni dada yake, walipotezana utotoni."

Hatua ya pili: kuonyeshwa, halafu kuadhibiwa

Wyler hakuridhika. Mwaka 1961 aliirudia hadithi hiyo kwa jina lake la asili, safari hii akiwa na Audrey Hepburn na Shirley MacLaine. Mwaka huo kanuni zilikuwa zimelegezwa kidogo, kwa hiyo uvumi uliruhusiwa kuwa ule wa kwenye tamthilia. Karibu na mwisho, Martha, aliyeigizwa na MacLaine, anakiri kwamba kweli anampenda mwenzake. Hazipiti dakika nyingi, anajinyonga.

Linganisha filamu hizi mbili, maana ni kama jaribio la maabara: mwongozaji mmoja, tamthilia moja, miaka 25 katikati. Kwanza mhusika hayupo, kisha yupo lakini lazima afe. Mwanahistoria wa filamu Vito Russo aliuona mtindo huu ukijirudia kiasi kwamba katika kitabu chake cha mwaka 1981, *The Celluloid Closet*, aliweka orodha ya vifo: mhusika huyu alijiua, yule aliuawa, yule alinyongwa.

Unaweza kusema, basi waandishi wenyewe walipenda huzuni. Hapana, mara nyingi mwisho ulikuwa sharti. Mfano mzuri ni wa mwaka 1952, kwenye vitabu. Marijane Meaker, kwa jina la kalamu Vin Packer, aliandika riwaya ya bei nafuu iitwayo *Spring Fire* kuhusu wanafunzi wawili wa kike wa chuo. Mhariri alimweleza wazi kwamba mwisho hauwezi kuwa wa furaha, kwa sababu vitabu vilisafirishwa kwa posta, na wakaguzi wa posta wangeweza kuvizuia kama vinaonekana kuyasifu mapenzi hayo. Kwa hiyo mmoja wa wasichana hao anaishia kurukwa na akili. Mwaka huohuo Patricia Highsmith, naye kwa jina la bandia, alitoa *The Price of Salt*, ambamo wanawake wawili mwishoni wanachaguana na kubaki hai. Kitabu hicho kinakumbukwa mpaka leo kwa sababu ya mwisho huo, na mwaka 2015 kilitengenezwa filamu iitwayo *Carol*.

Kwa hiyo swali la rafiki yangu lina jibu la kihistoria. Wahusika hawa walikufa kwa sababu kwa miongo kadhaa kifo kilikuwa kama kibali cha kupita mpakani: unaruhusiwa kuwaonyesha, mradi mtazamaji atoke akijua wameadhibiwa.

"Hayo ni ya wazungu"

Najua kuna msomaji ameshasema hivyo moyoni. Tulia kidogo.

Mwanaanthropolojia Gill Shepherd alifanya utafiti Mombasa, na mwaka 1987 akachapisha sura ya kitabu inayoeleza, pamoja na mambo mengine, wanawake wa mjini humo waliokuwa na wapenzi wanawake, na jinsi cheo, mali na uzazi vilivyoamua nani aishi vipi. Pwani ilikuwa na neno la kuwaita, *wasagaji*, ambalo leo wengi hulitumia kama tusi. Haikuwa jamii iliyowapigia makofi, ila ilijua wapo, na ilikuwa na utaratibu wa kutolisema jambo hadharani. Tofauti hiyo ni muhimu. Kilichokuja na filamu na kamera si watu hao, ni hali ya kuonekana.

Na lugha yetu ina neno jingine la ajabu. *Shoga*, kwa Kiswahili cha pwani, ni mwanamke rafiki wa mwanamke. Bibi wa Unguja akimwita mwenzake "shoga yangu" anamaanisha urafiki tu. Bara, na sasa karibu kila mahali, neno hilohilo limekuwa la kumtaja mwanamume anayependa wanaume. Neno la urafiki limegeuka la kunong'ona. Likumbuke hili, maana filamu tunayoiendea nayo imebeba jina la urafiki.

Rafiki: kesi iliyohusu mwisho wa hadithi

Mwaka 2007 mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, alishinda Tuzo ya Caine kwa hadithi fupi "Jambula Tree", kuhusu wasichana wawili wa mtaa mmoja wa Kampala. Mwongozaji Mkenya Wanuri Kahiu aliichukua, akaihamishia Nairobi, na mwaka 2018 akatoa filamu *Rafiki*. Kena anacheza mpira na kusaidia dukani kwa baba yake. Ziki ana nywele za rangi na hataki maisha ya kawaida. Baba zao ni wapinzani kwenye uchaguzi wa mtaa. Kahiu alieleza kwamba jina lilitokana na hali halisi: watu wa jinsia moja walio kwenye mapenzi, wakilazimika kutambulishana mbele za watu, husema "huyu ni rafiki yangu". Yaani mwenye kibanda wa Kirando na wapenzi wenyewe wanafanya tafsiri ileile, ila mmoja anafuta na wengine wanajilinda.

Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya (KFCB) iliipiga marufuku, ikidai inahamasisha usagaji kinyume cha sheria na maadili ya Wakenya. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2014 *Stories of Our Lives* ya kundi la The Nest, filamu tano fupi za rangi nyeusi na nyeupe, nayo ilizuiwa. Lakini kuhusu *Rafiki*, Kahiu alisimulia jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha makala hii: alitakiwa abadilishe mwisho, kwa sababu ulikuwa na matumaini mno na wahusika hawakuonyesha majuto. Alikataa.

Umeiona hiyo? Ni mwaka 2018, Nairobi, na sharti ni lilelile la posta ya Marekani ya mwaka 1952. Hakuambiwa "ondoa wasichana". Tatizo lilikuwa kwamba hadithi ilikwisha bila wao kujutia.

Mei mwaka huo *Rafiki* ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha hilo, huku nyumbani kuionyesha ni kosa. Kahiu akaenda mahakamani, kwa sababu ili filamu ifikiriwe kwa Oscar ilipaswa kuonyeshwa kwao kwa siku 7 mfululizo. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku 7, kwa watu wazima tu. Alisema hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake ya maadili kutikiswa na filamu. Nairobi watu walipanga foleni, tiketi zikaisha. Baada ya siku 7 marufuku ikarudi. Kenya ikapeleka *Supa Modo* kwenye Oscar, na Aprili 2020 Mahakama Kuu, kwa jaji mwingine, ikakubaliana na marufuku. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, alikuwa ameshapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la FESPACO, Burkina Faso.

Je, picha inabadilisha watu kweli?

Wapinzani na watetezi wa filamu hizi wanakubaliana kitu kimoja: kwamba picha ina nguvu. Sayansi inasemaje?

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba watu wa makundi tofauti wakikutana katika mazingira mazuri (wana hadhi sawa, wana lengo moja) chuki hupungua. Mwaka 2005 Edward Schiappa na wenzake walijiuliza: itakuwaje kama mnakutana kwenye skrini tu? Wewe unamjua mhusika, yeye hakujui. Ni urafiki wa upande mmoja, kama ule wa kumlilia mtu wa kwenye tamthilia ya Kikorea. Waliwaonyesha wanafunzi vipindi vyenye wahusika wa aina hii na kupima mitazamo kabla na baada. Chuki ilipungua, hasa kwa wale ambao maishani hawakuwa na mtu wa kundi hilo wanayemfahamu.

Ila tusikimbilie kushangilia. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja Marekani, na wahusika wa vipindi vile wengi walikuwa wanaume. Huwezi kuchukua matokeo hayo na kuyabandika Sumbawanga kama stika. Angalia pia kilichopimwa: mtazamo kuhusu watu. Hakuna aliyegeuzwa kuwa mtu mwingine kwa kutazama kipindi. Madai ya "kuhamasisha" na ushahidi wa "kupunguza chuki" ni vitu viwili tofauti, nasi huvichanganya kila siku.

Kuonekana si kuanikwa

Hapa ndipo naomba tuwe makini. Ukishuka mwaloni Kirando asubuhi utakuta dagaa wameanikwa juani. Kuanikwa si kuonekana. Anayeanikwa hakuchagua, na kila anayepita anaweza kumgusa.

Msanii wa Afrika Kusini Zanele Muholi ameutumia muda mwingi kutafuta tofauti hiyo. Tangu mwaka 2006 Muholi anapiga picha za mradi uitwao *Faces and Phases*: mamia ya picha za nyeusi na nyeupe za wanawake weusi wanaopenda wanawake, na watu waliobadili jinsia. Hakuna faragha inayovunjwa. Mtu amesimama, amevaa alivyotaka, anakutazama machoni. Wewe mtazamaji unajikuta ndiye unayetazamwa. Hata hivyo mwaka 2009 waziri wa sanaa wa nchi hiyo aliondoka kwenye maonyesho yenye kazi za Muholi, akiona zinakiuka maadili. Mwaka 2012 nyumba yake Cape Town ilivunjwa na vifaa vya kuhifadhia picha, kazi ya miaka, vikaibwa. Na hiyo ni nchi ambayo katiba yake inawalinda watu hawa.

Kwetu hesabu ni nzito zaidi. Zanzibar, kwa mfano, mwaka 2004 ilirekebisha sheria ya jinai na kuutaja uhusiano wa mwanamke na mwanamke kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka 5. Kwa hiyo mtu anapouliza "mbona hawajitokezi?", ajue anachoomba. Mhusika wa kubuni anaweza kuonekana bila kuumia. Msichana wa bweni hawezi. Pengine ndiyo maana hadithi zina kazi ambayo watu halisi hatuwezi kuwatwika.

Maswali matatu ya kwenda nayo

Ukitazama filamu, tamthilia au picha yoyote yenye wanawake hawa, jiulize. Moja: nani amewapa jina, wao wenyewe au msimuliaji? Mbili: wanatazama au wanatazamwa tu? Tatu: mwishoni wanapatwa na nini, na nani aliamua hivyo?

Nilimpigia rafiki yangu nikamsimulia *Rafiki* yote. (Kama hujaiona na hutaki kujua mwisho, ishia hapa.) Nilimwambia wanapigwa na watu wa mtaani, Ziki anapelekwa London, miaka inapita, Kena anakuwa mtu wa hospitali. Siku moja anasikia kwamba Ziki amerudi. Anapanda kilimani, anatazama mji. Sauti inamwita, mkono unamgusa begani, anageuka.

"Halafu?"

"Imeisha."

"Imeisha hivyo? Mkono tu begani?"

"Mkono tu."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia upepo wa ziwa kwenye simu yake. Kisha akasema, "Basi hiyo ndo walitaka ibadilishwe?"